Koo la Mwalimu

Juzi, katika darasa nililopewa mara tu baada ya kupata diploma, nilimwita mtoto mmoja naye hakugeuka. Nikarudia kumwita, akaendelea kutazama dirisha. Tangu hapo Riziki hanitoki akilini.

Nilisoma naye mjini Baraka, kando ya ziwa, katika shule ya misheni iliyojaa harufu ya ndagala, samaki wadogo waliokaushwa ufukweni. Riziki alikuwa kiziwi. Alasiri moja, sisi tukiimba irabu kwa pamoja, mwalimu alipiga magoti mbele yake, akauchukua mkono wake, akauweka kooni pake mwenyewe na kutamka “a” ndefu.

“Anamwibia sauti,” Lukasi, jirani yangu wa benchi, alininong'oneza. “Njo maana sauti ya mwalimu iko kubwa.”

Nilimwamini, nikafunika koo langu. Sikujua kwamba mwalimu alikuwa anamtafutia Riziki njia ya kusikia kwa vidole.

Riziki akahamishia mkono kwenye koo lake mwenyewe. Sauti ikamtoka, nzito kama ya ndama. Bibi yake, aliyekuja kumchukua, alikuwa amesimama mlangoni.

“Mwalimu, we unamufanyia mutoto yangu nini?”

“Mama, anajifunza kusema.”

“Mungu ndiye alimunyamazisha. We ni nani? Hatarudia hapa tena.”

Akamvuta nje. Riziki hakuelewa lolote. Alitabasamu tu, mkono kooni, akiitoa ile “a” njia yote ya kuelekea ziwani. Mwalimu alibaki magotini. Darasa zima tuliisikiliza sauti ambayo Riziki mwenyewe hakuisikia, mpaka ikapotea.