Sarafu ya Ishirini Inayouzwa Thelathini na Mbili

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Povu anaichapa mashine ya maji kofi. Mashine haina habari. Imeitema sarafu yake kwa mara ya tatu, na nyuma yake foleni ya ndoo imeshafika kwenye ngazi za jengo la pili.

"Lina maringo hili!" anasema, akiokota sarafu. "Mpya halitaki kabisa. Linataka ile nene ya zamani, basi."

Anafungua fundo la kitambaa kiunoni, anatoa sarafu nene ya ishirini na kuitumbukiza kwenye tundu. Mashine inanguruma, bomba linakohoa, maji yanatoka. Ndoo moja, lita ishirini.

Sarafu hiyo ya ishirini ameinunua kwa thelathini na mbili. Ndiyo, umesoma sawasawa. Ni fedha halali, ina picha ya samaki upande mmoja na tarakimu upande wa pili, dukani utapewa kiberiti kwa thamani yake ileile. Lakini hapa, kwenye majengo sita yaliyouzunguka uwanja mmoja, watu wanaagiza sarafu mtandaoni kama wanavyoagiza viatu. Fungu la sarafu ishirini na tano, ambalo thamani yake ni mia tano, linaletwa na pikipiki kwa mia nane.

Mama Povu ni dobi. Amefua nguo za watu miaka kumi na minne katika uwanja huu, na jina hilo alilipata kwa sababu kila anayemtafuta humkuta na povu hadi kwenye viwiko. Kwa siku hufua mafurushi manne kwa mia mbili kila moja, na kila furushi hunywa ndoo tatu za maji.

Zamani, akishatoa maji na sabuni, alikuwa akibaki na mia nne na sitini. Siku hizi, kwa bei hiyohiyo, angebaki na mia tatu na kumi na sita.

"Mia na arobaini na nne kila siku ya Mungu," anasema, na mikono haiachi kusugua. "Zinakwenda kwa mtu ambaye hajawahi kunifulia hata soksi. Sasa niambie, huyo ni mfanyabiashara au mnyonyaji?"

Basi akapandisha bei. Wateja wakamkimbia mmoja mmoja, bila hata kuaga. Aliyebaki wa maana ni mwenye gesti ya barabarani, ambaye mashuka yake ni nusu ya kazi yote ya Mama Povu. Naye wiki iliyopita alikuja mwenyewe uwanjani, akasimama pembeni ya beseni.

"Mama Povu, mimi nawe tumetoka mbali," alimwambia. "Lakini mwisho wa mwezi ukifika bila kurudisha bei ya zamani, nanunua mashine ya kufulia. Usije ukasema sikukwambia."

Mwisho wa mwezi ni siku kumi na moja kuanzia leo. Gesti ikiondoka, kazi ya miaka kumi na minne imekwisha.

Haya, kwa nini watu wazima wenye akili zao wanunue ishirini kwa thelathini na mbili? Ukiuliza uwanjani, utajibiwa kwa sauti ya chini kwamba ile sarafu ina dhahabu. Kwamba kuna matajiri wa ng'ambo wanazikusanya, ndiyo maana zimeadimika. Ukurasa unaoziuza umejaa maneno hayo, na walioyaamini wamezificha sarafu zao kwenye makopo ya maziwa wakingoja utajiri, jambo lililozidi kuzikausha.

Shemeji yake Mama Povu, fundi viatu mwenye kibanda pembeni ya uwanja, alikuwa mmoja wa waumini hao. Alichukua tupa, akaikwangua sarafu moja aliyoazima kwa Mama Povu hadi samaki akafutika.

"Ukapata dhahabu ngapi, shemeji?" Mama Povu anamchokoza kutoka kwenye beseni.

"Nilipata chuma," anajibu fundi, bila kuinua kichwa. "Na wewe ukanidai ishirini yako."

"Thelathini na mbili! Usinipunje!"

Wanacheka, lakini kicheko hakidumu. Dhahabu ni porojo. Watu wananunua kwa sababu wana kiu, na mashine imefungwa palipokuwa na bomba la zamani. Hakuna maji mengine karibu.

Mhudumu wa benki iliyo karibu anasema sarafu nene bado zinatumika, ila haziletwi. "Zikija tunazitoa siku hiyohiyo. Haziji," anasema.

Zinakwenda wapi, basi? Jibu lilipatikana kwenye vidole vya Mama Povu. Dobi anayefua mashuka meupe hatengani na bluu ya kufulia, na kila sarafu anayoishika hupata doa kwenye mikunjo ya tarakimu. Siku moja alifungua fungu jipya lililotoka mtandaoni, akakuta sarafu tatu zina madoa ya bluu.

"Nikasema, hee! Haya si madoa ya mikono yangu haya?"

Hakupiga kelele. Alimwomba shemeji yake gundi ya viatu, akaichanganya na bluu, na kwa ncha ya sindano akaweka tone kwenye jicho la samaki. Yeye na madobi wenzake watatu walitia alama sarafu arobaini, na Alhamisi wakazitumbukiza zote kwenye mashine. Ijumaa akaja mtu wa kampuni anayefungua sanduku la mashine, ambaye uwanja mzima unamwita Bwana Ufunguo. Akazoa sarafu, akaondoka. Jumamosi Mama Povu akaagiza fungu moja.

"Nilifungulia hapa, kwenye jiwe hili. Samaki kumi na saba, macho ya bluu, wananitazama! Damu ilinichemka. Niliipiga ndoo teke, mguu ukavimba siku mbili. Nilichokuwa nanunua ni sarafu zangu mwenyewe, baba! Naziweka Alhamisi, nauziwa Jumamosi."

Alifunga safari hadi ofisi ya kampuni ya maji, akichechemea. Alizimwaga zile sarafu mezani. Anasema ofisa wa pale alizigeuzageuza kwa kalamu, akauliza nani kazipaka rangi.

"Nikasema mimi. Akaniambia, 'Mama, kuchora fedha ni kosa. Unaweza kushtakiwa.' Mimi! Nishtakiwe mimi!"

Mama Povu analikamua shuka la gesti kama anakamua shingo ya mtu.

Ofisa huyo, alipoulizwa na mwandishi wa habari hii, alieleza kwa utulivu unaoudhi kuliko tusi. Kampuni haijaibiwa. Mfanyakazi wake, yule Bwana Ufunguo, huchukua sarafu na kuweka noti za thamani ileile benki, hesabu inakaa sawa hadi senti ya mwisho. Anachofanya na sarafu baada ya hapo ni shauri lake. Kubadili mashine ipokee sarafu mpya? "Tuko kwenye mchakato." Kwa muda gani? "Mchakato ni mchakato."

Mwandishi alipopiga namba ya simu iliyo kwenye ukurasa unaouza sarafu, mwanamume aliyepokea hakuona haya. "Simlazimishi mtu," alisema. "Nauza urahisi. Asiyetaka aache." Kisha akauliza kama ziletwe mafungu mangapi.

Asiyetaka aache! Aache nini, kunywa? Aache kupika, kuogesha mtoto?

Mama Povu hataki tena kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Barua hataandika. Anaanika shuka la mwisho, anapangusa mikono kwenye sketi na kueleza atakachofanya Ijumaa hii. Kila mwenye ndoo atasimama kwenye mashine na noti mkononi. Sanduku likifunguliwa, wabadilishane palepale, mia tano kwa sarafu ishirini na tano. Bwana Ufunguo atakuwa na noti za kupeleka benki, kampuni itapata hesabu yake sawa, na Jumamosi dobi atamkabidhi mwenye gesti mashuka kwa bei ya zamani.

Juzi waliokubali walikuwa wanne. Jana walikuwa kumi na tisa. Leo fundi viatu, aliyepewa kazi ya kuandika majina, amegeuza karatasi upande wa pili.

"Na akikataa je?" shemeji anauliza. "Akifunga sanduku lake, akapanda pikipiki?"

Mama Povu anajitwika beseni tupu.

"Nitalala mbele ya gurudumu," anasema. "Na wewe, shemeji, utalala nyuma."