Plasta Mbili Juu ya Swichi ya Nanga

Tak.

Kimya. Halafu tena: tak.

Umeme ulikuwa umekatika tangu Magharibi, na sauti ilitoka ndani ya sufuria ya wali.

"Audhubillahi!" mama mkwe wangu, Bi Mize, akasema gizani. "Mama Lulu, umeniletea jini jikoni?"

"Siyo jini, mama. Ni relei ya winchi ya nanga."

"Bora jini. Lingebisha hodi."

Jamani, ndiyo kazi yangu hiyo. Nimesoma umeme madarasa ya jioni hapa Bagamoyo miaka miwili, Lulu mgongoni. Cheti ninacho. Kazi sasa! Kila ninapokwenda, "tutakupigia". Wanaonipigia ni watu wa vifurushi tu.

Mpaka nikasikia kule Mlingotini kuna boti ya starehe, Raya, kuukuu kuliko mimi, na winchi yake ya kuvutia nanga imekufa.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?" Nahodha Shuaibu akachungulia nyuma yangu.

"Ndiye mimi, binti wa Kiwangwa."

"Mh! Na huyu mfupi ndiye saidia fundi?"

"Huyo Lulu, ndiye bosi. Ana miaka mitano."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Ukiweza, umeme wote wa Raya ni wako. Ukishindwa, naita fundi wa Dar, wewe rudi Kiwangwa ukalime mananasi."

Nyaya zilikuwa zimeliwa na chumvi, kijani kama mlenda. Nikang'oa zote. Nikavuta mpya, nene kama kidole gumba, kutoka kwenye betri mpaka kwenye mota. Relei, kile kisanduku kinachopokea amri ya swichi, nikaenda nayo nyumbani kuijaribu kwa betri, ndani ya sufuria Lulu asiiguse. Ndiyo iliyompandisha Bi Mize presha.

Swichi yenyewe iko kwa nahodha, kwenye usukani, ina pande mbili. Maandishi ya zamani yalishafutika. Nikabandika plasta mbili, nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasani: TIA, na TOA.

Siku ya majaribio nanga ilikuwa tayari chini, imeteremshwa kwa mkono. Mimi na Lulu tuko chini kwenye betri. Nahodha yuko juu.

"Natia zaidi!" akapaza sauti.

Mota ikanguruma. Mnyororo ukalia garagara. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Nahodha akashuka, meno yote nje. "Wewe mwanamke ni moto! Njoo tunywe chai."

Tuko kikombe cha pili, natupa jicho kidirishani, naona mikoko inapita.

Mikoko haina miguu.

"Nahodha, tunakwenda wapi?"

Alitoka mbio kuwasha injini, msuli kiunoni nusura umwache. Tulisimama hatua chache tu kabla ya mwamba. Nanga ilikuwa inaning'inia mbele ya boti, inachuruzika maji kama nguo kambani.

"Umegeuza nyaya!"

"Sijageuza! Ulibonyeza nini?"

"TIA! Kutia nanga ni kuiangusha majini, hata mtoto anajua!"

Mungu wangu.

Mimi nilikuwa nafikiria mnyororo. Mnyororo una sanduku lake, kama nanasi na tenga: unatia, nanga inapanda; unatoa, inashuka. Neno kutia nanga nimelisikia tangu utotoni, lakini siku ile kichwa kizima kilikuwa sandukuni. Nyaya zangu zilikuwa sahihi. Kiswahili changu ndicho kilichopiga shoti.

Nikamweleza. Akabandua plasta zote mbili.

"Mara moja tu tena. Nanga ikienda chini, kazi yako. Isipokwenda, nakushusha ufukweni na bosi wako."

"Bonyeza upande wa kulia, nahodha."

Wenzangu, hasa kina mama mnaosoma jioni na usingizi machoni: kazi ikikataa, msikimbilie kung'oa nyaya. Muulizeni kwanza mwenye chombo, yeye kile kitu anakiitaje. Darasani hawakunifundisha hilo.

Mnyororo ukalia. Safari hii hakuna aliyeamini masikio yake, mimi wa kwanza. Nikamshika Lulu kiunoni na jaketi lake la kuokolea, akainama ukingoni, akachungulia maji. Nahodha naye pale usukanini kashusha pumzi nusu, anasubiri.

"Mama, nanga imezama."