Maharage ya Nyuma ya Jiko

Ilianza Jumamosi, saa tisa kasoro robo mchana, pale Mbuba, shangazi aliponisukumia kompyuta ya mradi mezani. "Jaza mavuno," alisema. "Bwana shamba anakuja kesho asubuhi, sitaki akukute umekodoa macho tu."

Nilikuwa kidato cha tatu, nakaa kwake kwa sababu shule iko jirani. Baba ndiye alipanga hivyo. Shangazi ni dada yake, mama yangu ni wifi yake shangazi, na hao wawili sijawahi kuwaona wakinywa chai pamoja bila mmoja kuondoka amenuna. Kwa hiyo mle ndani sikuwa mtoto wa kaka. Nilikuwa mtoto wa wifi. Ugali ukiwa laini, "ndivyo wanavyopika kwao." Nikinyamaza, na kunyamaza ndiyo tabia yangu, "kiburi cha mama yake hicho."

Mradi huo wa maharage ulikuwa na mashine moja tu ya kupukuchua maharage, na vikundi viwili vya akina mama: cha shangazi hapa Mbuba, na cha mama kule Murukulazo. Mashine ingekaa kwa kikundi kilichovuna kilo nyingi zaidi kwa eka. Mama alikuwa bado anapiga maharage kwa fimbo, na bega lake la kulia lilikuwa halinyanyuki hata kuanika nguo. Nilipokaa mezani nilikuwa nalifikiria bega hilo.

Shangazi akasoma kwenye makaratasi ya vikundi vyote viwili, mimi nikaandika. Kompyuta ilikuwa imeshapangwa. Unaweka eka, unaweka kilo, yenyewe inagawanya, na chini ya kila kikundi inatoa mstari wa wastani wa wote.

Mbuba ilishinda, tena kwa mbali.

Nikarudi juu kuangalia. Shangazi alikuwa na mistari miwili. Kwetu mwanamke hachanganyi maharage ya nyuma ya jiko na ya mlimani. Ya nyuma ya jiko, kwenye migomba, panapomwagwa majivu na samadi, ni yake mwenyewe, ya mbegu na ya chungu. Ya mlimani ni ya nyumba nzima. Basi kila mama wa Mbuba alikuwa ameandikwa mara mbili. Murukulazo wana desturi hiyohiyo, ila katibu wao ni mvivu wa kuandika, akajumlisha kila kaya mstari mmoja.

Shangazi nyuma ya jiko ana robo eka. Alipata kilo mia mbili, sawa na mia nane kwa eka. Mlimani ana eka mbili, akapata kilo mia sita, sawa na mia tatu kwa eka. Kompyuta ikachukua mia nane na mia tatu, ikakata katikati: mia tano na hamsini. Kana kwamba kale kabustani na mlima mzima vina uzito mmoja. Lakini kusanya kilo zake zote, zigawe kwa eka zake zote, hufiki hata mia tatu na sitini. Mama yangu kwa eka mbili alivuna kilo mia nane. Mia nne kwa eka. Nikapiga hivyo hesabu ya vikundi vyote viwili, kimyakimya. Murukulazo ikawa juu.

"Shangazi, huu mstari wa chini si sahihi."

"Kompyuta imekosa, wewe ndo umepata?"

"Imeambiwa vibaya. Imechukua wastani wa wastani."

"Wastani wa wastani." Akamgeukia jirani aliyekuwa mlangoni anachambua mchicha. "Umesikia? Nalisha mdomo, mdomo unanihesabia."

"Si ulitaka msomi ndani," jirani akasema, akicheka. "Ndiyo huyo."

Shangazi hakucheka. Akainama sikioni kwangu. "Gusa huo mstari uone. Utalala kwenu."

Sikuugusa. Na niseme ukweli, sikuwa napigania haki tu. Nilimchukia. Kama kosa lingekuwa upande wa mama, sijui kama ningehangaika kurudi juu kuangalia.

Asubuhi bwana shamba akaja na pikipiki kabla ya misa. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, akafungua kompyuta. "Hongereni Mbuba. Mmetisha." Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya chai.

Mimi huwa siongei na wageni. Darasani nikiulizwa, sauti inakwama. Nikatazama chini, nikasema, "Naomba ugawe kilo zote kwa eka zote. Usichukue wastani wa mistari."

Akaniangalia, kisha akatoa simu, akagawa. Akarudia. Akaguna. "Kweli. Vibustani vimewabeba." Akafuta mstari wa chini wa vikundi vyote viwili, akaupanga upya, na Murukulazo ikakaa juu mbele ya macho yetu sote. "Basi mashine inaenda huko."

Shangazi alimmiminia mgeni chai, akajimiminia yake. Kikombe changu kilikuwa kimeshajaa. Akakichukua, akatoka nacho, akaimwaga chai yote kwenye migomba, juu ya ile robo eka yake.

Nikaingia chumbani, nikakunja godoro langu kabla hajaniambia.