Siku Ripoti Iliponiita Mvivu

Mwanangu, iko siku moja pale Kasongo naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa bado msichana, na nusura nipoteze kazi kwa sababu ya jumla ya saa.

Tulikuwa tukitengeneza mitambo ya umeme wa jua kwenye vituo vya afya. Kazi zetu tuliziandika katika kompyuta moja ya ofisi, maandishi matupu yasiyo na mapambo: jina la kazi, na chini yake saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mwisho wa mwezi unabonyeza, ripoti inajumlisha yenyewe. Mwezi ule wenzangu walipata saa zao kama kawaida. Mimi, niliyekwenda Kabambare kwa pikipiki mpaka mgongo ukalia, nikaonekana kama mtu aliyepita ofisini kusalimia tu. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, akasema nikishindwa kueleza, nikae nyumbani. Nililia, sikufichi.

Nikaona dawa ni moja: kufuta ile jumla na kubandika yangu. Si nilijua nilivyochoka? Papa Ramazani, mzee wetu wa ofisi, ndiye aliyetufundisha ile kompyuta. Mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Akanikuta kidole kiko juu ya kitufe.

"Acha, mama," akasema. "Ukiandika yako, kesho mashini itahesabu tena, na hapo utakuwa mwongo kweli. Kosa haiko kwa jumla. Iko chini. Tushuke."

Hakunigombeza, ingawa macho yake yalinigombeza vya kutosha. Tukasoma mstari kwa mstari, maana mwenda pole hajikwai. Kila mstari akaniuliza siku yenyewe ilikuwaje: niliondoka lini, mvua ilinikuta wapi, nilirudi jua likiwa wapi. Tukafika kwenye safari ya Salamabila.

"Hapa ulianza saa mbili ya asubui?"

"Ndiyo, Papa. Nilibonyeza, mashini ikaandika yenyewe."

"Na kurudi?"

"Saa kumi. Nilikuta wamezima kompyuta kwa kulinda betri, kesho yake nikaandika mwenyewe."

Akanionyesha: mashini iliandika nane, mimi nimeandika kumi. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mwanangu, sisi saa tunazihesabu tangu kunapokucha. Mashini inahesabu tangu usiku wa manane. Saa kumi yangu, kwake ilikuwa kumi na sita. Basi siku nzima ya tope ikawa saa mbili tu. Na siku nilizoanza mchana, mwisho ulitangulia mwanzo, ripoti ikazipunguza badala ya kuzijumlisha.

Wenzangu walikuwa wakirudi kabla kompyuta haijazimwa, mashini ikawaandikia; mimi wa safari za mbali ndiye niliyejiandikia. Tukasahihisha mistari yote, tukabonyeza upya, saa zangu zikarudi. Nilidhani Papa atanituma kwa shefu nikaombe msamaha. Alitangulia yeye mwenyewe.

"Shefu, huyu mutoto alitumika, alifanya kazi kweli," akasema. "Sisi wakubwa ndio hatukumuambia mashini inafuata saa gani."

Akabeba kosa lisilokuwa lake mbele ya watu wote, nami nikabaki kazini. Kazi hiyo ndiyo iliyokulisha wewe na ndugu zako. Papa Ramazani ametangulia mbele ya haki, na kila nikikutazama namshukuru.

Basi sikiliza. Hesabu ikikukataa, usiipake rangi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Shuka kwenye mistari, usome mmoja mmoja, na uulize siku yenyewe ilikwendaje. Kuuliza si ujinga. Na ukiwa mkubwa wa wengine, ripoti ikimwita mtu mvivu, kaa naye kwanza kabla hujamfukuza. Ukiona amekosea jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, libebe wewe.

Mungu akupe jicho la kuona kosa, na moyo wa kumhurumia aliyekosea. Jasho lako lisipotee bure, na siku utakayosingiziwa, usikose mtu wa kutangulia mbele yako na kusema: huyu mutoto alitumika.