Mstari wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu sikuwahi kumtazama usoni. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto humkwepa mkwewe. Hamsemeshi, hamtaji jina, na wakikutana njiani ni mwanamke anayekimbilia migombani, hata kama ana ndoo ya maji kichwani. Nilipoolewa Lufingo nilikuwa na miguu myepesi, kwa hiyo mila hiyo haikunisumbua. Shida ilianza kwenye chai.

Miaka ile serikali ilikuwa inajitoa kwenye biashara. Lori la kubeba majani liliacha kuja, kiwanda kikafungwa, na chai ya baba mkwe ikaachwa mpaka ikawa msitu. Kisha tukasikia kiwanda kimepata mwenye mali mpya, na kwamba wataandikishwa wakulima wenye mashamba yaliyopogolewa tu. Shemeji zangu walitaka ing'olewe, wapande mahindi. Mume wangu alikuwa Chunya akitafuta dhahabu na kututumia salamu. Mimi nilikuwa na watoto watatu na sina hata mgomba mmoja wa kuuita wangu. Nikamtuma wifi yangu amwombe mzee aniachie chai hiyo niifufue. Jibu likaja kwamba nijaribu.

Kujaribu nilijaribu, ila sikujua kupogoa. Aliyejua ni yeye, aliyemaliza ujana wake kwenye mashamba makubwa ya chai, na kusimama naye shambani hakuwezekani.

Asubuhi moja nikakuta mstari mmoja umeshapogolewa. Mzee alikuja alfajiri, akakata, akaondoka kabla sijafika. Matawi yote yalikatwa mshazari, usawa wa goti, laini kama yamepigwa randa. Nikaelewa kwamba ule mstari ndio ubao wangu wa kusomea. Nikachuchumaa, nikapima kwa mkono, nikaanza mstari wa pili. Ila kila shina alilibakizia tawi moja refu na majani yake. Nikasema moyoni, uzee huo, macho hayaoni tena. Kwa ujuaji wangu nikarudi kwenye mstari wake, nikayafyeka matawi yote aliyoyabakiza, nikajisifu kwa usafi.

Kesho yake nikakuta mstari mwingine. Safari hii kila tawi lililobaki lilikuwa limefungwa ukamba wa mgomba, shina baada ya shina. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Kumbe shina hupumulia tawi lile mpaka machipukizi yatoke. Mashina mengi niliyoyafyeka matawi hayo yalikauka, na mzee hakutuma neno hata moja la kunilaumu. Aliendelea kuja, mstari mmoja kila alfajiri, na mgongo wake ule mbovu. Siku moja nikafika, hakuna mstari mpya. Nikajua nimehitimu, na nikalia kidogo.

Chai ilipochipua, karani wa kiwanda alikuja kuandikisha wakulima kwenye banda la kukusanyia majani. Nilibaki nje, nyuma ya ukuta, kwa kuwa baba mkwe alikuwa ndani. Nilijua litaandikwa jina lake, na siku akifumba macho, shemeji zangu watabaki na chai, mimi nitabaki na mikono iliyochubuka. Sikuwa na wa kumlaumu, ndivyo mambo yalivyokuwa kwa wanawake wote niliowajua.

Zamu yake ilipofika nikamsikia.

"Andika mkamwana wangu. Mimi nilimwonyesha tu, shamba amelifufua yeye."

Shemeji yangu mmoja akaanza kupinga. Mzee akakohoa, na yule akanyamaza. Karani akauliza mwenyewe yuko wapi, maana lazima atie sahihi.

"Yuko nyuma ya banda," mzee akasema. "Usimwite. Mpelekee kitabu."

Karani akazunguka banda na kitabu chake, uso umejaa maswali, akanishikia nikiandika. Niliandika kwa pupa hata jina likapanda mstari wa juu. Kwa chai hiyo watoto wangu wote watatu walisoma, na shemeji zangu siku hizi wananiomba miche.

Wataalamu wanapozungumza redioni kuhusu kuwekeza kwa mkulima mdogo, mimi namfikiria mzee aliyeinama gizani akifunga kamba kwenye matawi. Kumwambia asante mila haikuniruhusu, na mpaka anazikwa sikumwambia. Naiandika hapa. Ndaga fijo, baba.