Karatasi la Kaki Ukutani

Kwa miaka kumi na tisa Fundi alikaa nyuma ya cherehani, na kama hujawahi kukaa hapo usimcheke. Miguu inakanyaga, mikono inasukuma kitambaa, lakini mgongo, jamani, mgongo unabaki umepinda palepale mpaka unasahau kwamba una kazi nyingine. Shuleni alikuwa mruka viunzi, tena hodari. Tangu hapo zoezi lake lilikuwa kuinama kuokota pini.

Angezeeka hivyohivyo kama si mama yake. Mama alilala chumba cha nyuma, miguu haimbebi, na raha yake iliyobaki ilikuwa kuwekwa kwenye kiti mlangoni kila asubuhi, apate jua na kuwasema wapita njia. Fundi ndiye aliyekuwa akimbeba. Siku moja, katikati ya chumba, mgongo ukamsaliti, wakaenda chini wote wawili. Hawakuumia, ila tangu siku hiyo kubeba kukawa kazi ya jirani yao, mchomelea vyuma waliyemwita Cheche. Cheche ana adabu zake: hodi kwanza, kisha anambeba huku akiangalia pembeni. Hata hivyo Mama alifumba macho kila alipoinuliwa, na Fundi aliona. Mtu mzima kushikwa mapajani na mtoto wa watu si jambo dogo. Halafu Cheche akaja kuaga: baada ya wiki sita anahamia karakana ya mbali. Mama akasema basi, hataki mbebaji mwingine, jua ataliona dirishani. Dirisha lenyewe linatazama ukuta.

Fundi akapiga moyo konde. Binti wa kaka yake, aliyekuja kuwasalimu, akamfungulia kwenye simu programu ya mazoezi makali ya nyumbani, ya mwalimu mmoja anayetabasamu huku watu wakikata roho. Binti akasoma, Fundi akaandika kwa chaki kwenye karatasi la kaki lililotundikwa ukutani, pembeni ya vipimo vya wateja. Binti akaondoka na simu yake.

Asubuhi Fundi akasogeza meza, akasimama mbele ya karatasi, akasoma: kuchuchumaa na kuinuka, arobaini. Alifika sita. Ya saba alishuka na hakurudi. Akalala chali akihema, na chini ya meza ya kukatia akaona kifungo alichokitafuta mwaka juzi. Mama akauliza kutoka chumbani nini kimeanguka. Akajibu ni kitambaa.

"Kizito hicho," Mama akasema.

Siku za mwanzo mapaja yalimuuma hata akashuka ngazi za mlangoni kinyumenyume, akajikaza kisabuni, akaendelea. Wiki ya tatu likamtokea jambo. Mteja alibisha hodi, naye akainuka kutoka kwenye cherehani bila kushika meza. Alisimama pale kama aliyeguswa na mtu, mteja anaongea mambo ya pindo za suruali, yeye hasikii. Akashika paja lake juu ya gauni. Gumu. Lilikuwa linatoka wapi? Miaka yote ile lilikuwa limejificha wapi? Alitaka kumwuliza mteja, akaona haya.

Lakini arobaini haikufika. Na alikuwa amekula kiapo kwamba hatamgusa Mama kabla ya kuimaliza, kwa kuogopa kumwangusha tena. Cheche alipopakia vyuma vyake akaenda, Fundi alikuwa kwenye thelathini na tano. Mama akabaki kitandani siku ya kwanza. Akabaki ya pili. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Fundi.

Siku ya tatu binti wa kaka yake akaja, akamkuta katikati ya zoezi. Akasimama mlangoni akihesabu kimyakimya, macho yakamtoka.

"Nimeshindwa," Fundi akasema, jasho likimdondoka. "Thelathini na sita tu."

"Shangazi, tuliandika ishirini."

Fundi akageuka ukutani. Kweli, ishirini. Akaanza kueleza kwamba kwenye karatasi lile kila namba ni nusu, kwa sababu kitambaa hukatwa kimekunjwa katikati. Nyonga za inchi ishirini na mbili ni arobaini na nne, hata mwanafunzi wa ushonaji anajua. Ameisoma kaki hivyo maisha yake yote.

"Wewe si kitambaa, shangazi."

Fundi akaketi sakafuni. Ishirini aliipita wiki ya tatu, huku akijiita mvivu kila asubuhi. Aliitazama miguu yake kwa woga kidogo, kama mtu anayekutana na mkubwa wake aliyekuwa akimfokea bila kumjua.

Kisha akanawa uso, akaingia chumba cha nyuma. Mama akamkumbusha habari za mgongo. Fundi akachuchumaa, akapitisha mikono, akainuka. Ikawa rahisi kiasi cha kumtisha. Mama akamkumbatia shingo, macho yamefunguka, akitazama chumba kikipita, cherehani, kaki, mlango. Akawekwa kwenye kiti. Jua likamgonga usoni. Kwa muda mrefu hakumsema mpita njia yeyote.

"Nirudishe kitandani," akasema mwishowe.

Fundi akainama karibu naye. Akauliza kama jua limekuwa kali, kama amemwumiza mahali.

"Hapana, mwanangu. Nataka unilete tena."