Fundi wa Choo cha Kukaa

Fundi bomba alivua viatu mlangoni kwa Tadea, akakunja suruali hadi magotini, na kabla ya kugusa chochote akaomba ndoo ya maji. Ndivyo alivyoanza katika kila nyumba mjini Mbinga. Aliimwaga yote chooni kwa mkupuo mmoja, akainamisha kichwa kusikiliza. Maji yalishuka yote. "Bomba halijaziba," alisema polepole. Akafunua tangi, akatumbukiza mkono, na vidole vyake vinene vikatulia juu ya boya linalokata maji tangi linapojaa. Tadea aliona uso wake ukibadilika. Choo hicho alikijenga kwa fedha za kahawa, mwaka wanunuzi binafsi walipoanza kuja, kwa ajili ya mama mkwe wake mwenye magoti mabovu. Wiki mbili sasa maji ya choo hicho hayakuwa na nguvu. Bibi huyo, akiamini amekiharibu yeye, alirudia choo cha shimo nyuma ya migomba, na juzi alianguka huko.

Fundi alipandisha boya, akasubiri tangi lijae, akavuta maji. Yalinguruma. Hakukusanya vifaa vyake. Alikwenda uani, bibi alikokuwa akichambua maharage, akachuchumaa mbele yake, mikono ikichuruzika maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Boya nililifunga chini mno mimi mwenyewe, nilipokuja kulibadilisha wiki mbili zilizopita. Tangi likawa halijai. Wewe hukuharibu kitu."

Bibi alisogeza ungo kando, akamnyooshea fundi mkono ili amwinue.

"Nipeleke nikaone," alisema.